Kitambaa Chakavu na Gobori



Siku moja nilikuwa nikifundisha msamiati wa vita vya zamani. Mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, bibi yangu hapendi nisome Kiswahili nyumbani. Anasema ni lugha ya bunduki." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hapa Uganda maneno hayo yana mizizi. Watu wa rika la bibi huyo walikisikia Kiswahili vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na wengine walikisikia kwa majambazi usiku wa manane. Siwezi kumwambia bibi kwamba hakusikia alichosikia.

Nilimwahidi mwanafunzi wangu kwamba nitamjibu kwa maandishi, na jibu ndilo hili. Nitalianza na kitu kidogo ambacho huenda hujawahi kukifikiria: kipande cha nguo chakavu kilichotumika kusafishia gobori. Ukikifuata kipande hicho kutoka ndani ya mtutu hadi kule kilikotoka, utakutana na merikebu, wafalme, mikataba na mashamba ya pamba. Utaona pia jinsi lugha hii unayojifunza ilivyofika kwetu.

Gobori ni nini?

Gobori ni bunduki ya kale inayojazwa kwa mdomoni. Mwenye kuitumia humimina baruti katika mdomo wa mtutu, huingiza risasi pamoja na kizibo cha nyuzi, karatasi au kitambaa, kisha hushindilia vyote hadi chini kwa mdeki. Mdeki ni ufito mrefu wa mti au wa chuma, unaokaa chini ya mtutu wakati hautumiki. Ndiyo maana wazee husema "kushindilia bunduki" pale ambapo sisi leo tungesema "kuijaza risasi".

Magobori yalikuwa ya namna nyingi. Katika bunduki ya gumegume, jiwe gumu hugonga chuma na kutoa cheche inayowasha baruti. Katika bunduki ya fataki, iliyokuja baadaye, kinyundo hugonga kikofia kidogo cha shaba kilichovishwa juu ya kifa, nao moto hupenya ndani. Zote zilikuwa na kasoro moja: ukishafyatua, huna budi kuanza upya kutoka mdomoni. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kufyatua mara tatu hivi kwa dakika, tena kama mtutu wake ulikuwa safi.

Kwa nini mtutu huhitaji kitambaa?

Baruti ya kale ilitengenezwa kwa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa shura sehemu 75 katika 100, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali hubaki kuwa moshi mzito na masizi. Masizi hayo yana chumvi zinazonyonya unyevu. Mahali penye hewa ya maji, kama hapa kandokando ya ziwa, chumvi hizo hulowa upesi na kuanza kuula mtutu. Gobori lililolazwa bila kusafishwa huamka na kutu. Likiachwa hivyo mara kwa mara, kuta za mtutu hudhoofika, na siku moja mtutu unaweza kumpasukia mwenyewe usoni.

Mafuta peke yake hayaondoi chumvi hizo. Zinazoyeyushwa na maji hazina dawa nyingine. Kwa hiyo usafishaji ulifuata njia ile ile karibu kila mahali duniani. Kwanza, mdeki ulitumbukizwa mtutuni ili kuhakikisha kwamba hamna kitu ndani. Kisha kilifuata kitambaa kilicholoweshwa maji, na afadhali yawe ya moto, kwa kuwa chuma kikipata joto hukauka upesi. Sabuni ilisaidia. Baada ya hapo viliingia vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitokacho kiwe hakina weusi. Mwisho kiliingia kitambaa chenye mafuta kidogo ili kuikinga chuma na hewa. Aliyefyatua mara nyingi alipitisha kitambaa chenye unyevu hata katikati ya kazi. Kitambaa hicho kilipunguza masizi yaliyofanya risasi isishuke vizuri, na pia kilizima kijinga chochote kilichosalia ndani. Baruti mpya ikimiminwa juu ya kijinga hai, bunduki humlipukia anayeishindilia.

Kitambaa chenyewe hakikuhitaji kununuliwa. Nguo ya pamba iliyochakaa ilifaa kuliko mpya, kwa sababu nguo mpya huwa na wanga unaoifanya ngumu na kuizuia isinyonye maji. Nguo iliyofuliwa mara mia ni laini nayo hunywa maji mara moja. Ilikatwa vipande vya mraba, kila kimoja kikitosha kufunika ncha ya mdeki na kugusa kuta za mtutu pande zote. Kipande kikubwa kupita kiasi kilikwama, na kidogo kupita kiasi kiliachwa chini mdeki ulipovutwa. Vilivyochafuka vilifuliwa, vikaanikwa, vikatumika tena. Hadi leo, huko Marekani, wawindaji wanaotumia bunduki za namna hii hukata fulana na mashuka yao ya zamani kwa kazi hiyo hiyo, na huepuka nguo za nailoni kwa kuwa hazinyonyi maji vizuri na huyeyuka zikipata joto.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kipande cha nguo kisichofaa hata kwa kiraka ndicho kilichoziba ufa wa gobori.

Nguo iliyokuwa fedha

Sasa tuulize: nguo hiyo ya pamba ilitoka wapi? Katika karne ya 19, nguo iliyojulikana zaidi katika njia za misafara ilikuwa merikani. Jina linajieleza. Ilikuwa shiti nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, nguo za India zilichukua nafasi kubwa, lakini jina la merikani lilibaki.

Bara, merikani haikuwa vazi tu. Ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Wapagazi walilipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na hongo ya kupita katika nchi ya mtemi ilitolewa kwa doti. Basi kukata merikani mpya ili kusafishia bunduki kungekuwa sawa na kuchana noti leo. Nguo ilivaliwa kwanza, ikawa ya kulalia, ikawa ya kubebea mtoto, na ilipokwisha nguvu zake zote ndipo ikafaa kuingia mtutuni.

Merikebu hizo hizo zilileta pia bunduki na baruti. Tarehe 21 Septemba 1833, Sultani Said bin Sultan alitia mkataba wa biashara na Marekani. Mkataba huo ulikuwa na kifungu kinachostahili kusomwa katika kila darasa la uraia. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa uhuru, ila bunduki, baruti na risasi hazikuruhusiwa kuuzwa katika kisiwa cha Unguja isipokuwa kwa serikali yenyewe. Katika bandari nyingine zote za Sultani, silaha hizo ziliweza kuuzwa bila kizuizi chochote.

Soma tena kifungu hicho, msomaji wangu. Sultani alijua vizuri hatari ya bunduki iliyo mikononi mwa kila mtu. Ndiyo maana hakuitaka karibu na nyumba yake. Lakini njia ya bara iliachwa wazi. Watu walioishi mwisho wa njia hiyo hawakuulizwa.

Bunduki na nguo zinafika Buganda

Mwaka 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili. Yeye na wenziwe waliomfuata walileta nguo, shanga, bunduki na baruti, wakarudi pwani na pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, watumwa. Walileta pia lugha yao. Kiswahili hakikuingia Buganda kikiwa peke yake: kilikuja begani kwa mpagazi pamoja na mzigo.

Mwaka 1862 alifika Mwingereza John Hanning Speke mbele ya Kabaka Mutesa. Katika orodha ya zawadi alizotoa mlikuwamo nguo nne za hariri, bunduki moja ya Whitworth, bastola, bunduki fupi tatu, sanduku la risasi na sanduku la fataki. Whitworth alikuwa mhandisi wa Manchester, mji ule ule uliosifika kwa viwanda vya nguo za pamba. Nguo na bunduki zilikuwa ndugu wa tumbo moja tangu zilikotoka.

Speke mwenyewe aliandika jinsi Kabaka alivyoshindilia bunduki mojawapo, akampa mtumishi kijana na kumwamuru aende ua wa nje ampige mtu. Kijana alikwenda, akarudi akifurahi kwamba imefanya kazi. Aliyeuawa hakutajwa jina. Tunalijua jina la aliyeileta bunduki na la aliyeipokea. Nakuomba usimsahau huyo wa tatu.

Sheria iliyoacha magobori

Kadiri Ulaya ilivyobuni bunduki mpya zinazojazwa kwa nyuma, ndivyo majeshi yake yalivyozitupa za zamani, na nyingi ziliuzwa Afrika kwa bei nafuu. Mwaka 1888, Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya pamoja na mengine kadhaa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Shabaha yake iliyotangazwa ilikuwa njema: kukomesha biashara ya watumwa. Kwa kuwa wawindaji wa watumwa walitumia bunduki, mkataba ulizuia kuingizwa kwa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Zuio lilikazwa hasa kwa bunduki za kisasa zenye mifuo ndani ya mtutu, zile zinazolenga mbali. Serikali tawala ziliweza kuziingiza kwa majeshi yao. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kuuzwa katika maeneo ambayo serikali hizo zingeyateua.

Mezani pale hakuwamo Kabaka, wala Omukama wa Bunyoro, wala mtemi yeyote wa bara. Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Mwafrika aliyeruhusiwa kuwa na bunduki aliachiwa gobori, naye aliyekuja kumtawala alikuja na silaha mpya. Mkataba uliokusudia kumkomboa mtumwa ulimsaidia pia mkoloni kuiteka nchi ya mtumwa huyo. Mambo yote mawili ni kweli, na msomaji mwema wa historia huyashika yote mawili bila kuliachia mojawapo.

Hatukukawia kuyaona. Mwezi Januari 1892, hapa Mengo, Kapteni Lugard aliwasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki kwa bombomu la Maxim, bunduki inayomimina risasi mfululizo. Waganda wa pande zote mbili walikuwa na bunduki mikononi. Lakini anayelazimika kusimama, kumimina, kushindilia na kufuta mtutu hawezi kushindana na mtambo usiosimama.

Jirani zetu wa kusini walilipa zaidi. Mnamo Julai 1905, watu wa Umatumbi, katika Tanganyika ya Wajerumani, waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulima. Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori, nao waliamini kwamba maji ya dawa ya Kinjikitile yangeigeuza risasi kuwa maji. Usiwacheke. Aliyewahi kushika gobori alijua fika kwamba halitoshi, na mtu asiyekuwa na silaha ya kutosha hutafuta tumaini mahali pengine. Vita vilipokwisha mwaka 1907, watu wengi zaidi walikuwa wamekufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika 250,000 na kuzidi.

Angalia jinsi kitambaa chetu kilivyozunguka. Nguo ya pamba ilitujia kwa merikebu, ikawa fedha yetu, ikaisha mitutuni mwetu. Kisha tukaambiwa tuilime pamba wenyewe ili viwanda vya ng'ambo vipate kufuma. Hapa Uganda mbegu za pamba ya biashara zililetwa mwaka 1903, na kwa miaka mingi zao hilo ndilo lililobeba uchumi wa nchi.

Somo la uraia

Sikukueleza namna ya kusafisha gobori ili ukalitafute. Gobori ni silaha, hata likiwa na kutu. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki awe na kibali. Ukikuta bunduki ya babu darini, usiishike wala usiichungulie mtutuni. Huenda ilishindiliwa kabla hujazaliwa, na baruti kavu haizeeki. Toa taarifa polisi.

Somo ninalotaka uondoke nalo ni hili: kila sheria ya silaha iulize swali moja, inamlinda nani? Mkataba wa 1833 ulikilinda kisiwa ukaiacha bara. Mkataba wa 1890 uliwalinda watawala ukawaachia watawaliwa gobori. Hata sisi wenyewe tumewahi kukosea. Serikali ilipoanza kukusanya bunduki Karamoja mwaka 2001, baadhi ya jamii zilizosalimisha silaha zilivamiwa na jirani ambao bado walikuwa na zao. Mwaka 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda ikiwamo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogondogo. Tofauti yake na mikataba ya zamani ni kwamba safari hii sisi wenyewe tulikuwa mezani. Kuwa mezani hakutoshi, lakini ni mwanzo.

Na bibi tumwambie nini?

Mwanafunzi wangu, usimbishie bibi yako. Mwambie kwamba ni kweli, Kiswahili kilikuja kwa njia ile ile iliyoleta bunduki. Kisha muulize kwa upole nguo zake anazifulia kwa nini. Atakujibu kwa Kiganda kwamba anatumia sabbuuni. Muulize chakula anakiandaa juu ya nini, naye atasema emmeeza. Muulize wewe shuleni unasoma nini, atasema ekitabo. Sabuni, meza na kitabu vilikuja kwa njia ile ile, vikakaa nyumbani kwake miaka yote hiyo bila kumtisha. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haiwezi kuondoa hofu moyoni mwa mtu mzima. Hofu ni kama masizi ya baruti: haitoki kwa kufutwa mara moja. Huondoka kidogo kidogo, kwa maji na subira, kila siku mjukuu anaporudi nyumbani na neno moja jema.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya bunduki ya gumegume na bunduki ya fataki.

2. Kwa nini nguo ya pamba iliyochakaa ilifaa kuliko nguo mpya? Toa sababu moja ya kiufundi na moja ya kiuchumi.

3. Linganisha Mkataba wa 1833 na Mkataba wa Brussels wa 1890. Katika kila mmoja, nani alilindwa na nani hakuulizwa?

4. Muulize mzee mmoja wa kwenu ni maneno gani ya Kiswahili aliyoyasikia kwanza maishani mwake, na aliyasikia kwa nani. Andika aya mbili, uje nazo darasani.